Lazanya ya zukini isiyojaa maji

Umeuliza kwa nini lazanya yako (chakula cha tabaka za tambi pana, rojo la nyama na jibini) ya zukini, aina ya boga changa refu la kijani, badala ya tambi inajaa maji. Ndugu, zukini karibu asilimia 95 ni maji. Ikate kwa urefu, unene wa milimita 5 hivi, nyunyizia chumvi, acha dakika 20; utaona matone yakichomoza juu. Yafute kwa kitambaa safi, kisha oka vipande vyenyewe kwanza mpaka vianze kupata rangi. Hatua hii usiiruke kabisa. Mimi napendelea biringanya badala ya zukini, haichaniki ovyo. Rojo la nyama liwe zito, chumvi kidogo. Sosi nyeupe ya unga iache, unga ni wanga, nao ndio tunaoukwepa kwa kuacha tambi; weka jibini laini lililochanganywa na yai. Ikiiva, ipumzishe dakika 15 ndipo ukate.