Mdogo wako kapita usaili wa tamthilia: kabla hajaacha kazi, soma hapa

Mkuu mleta mada, umeuliza kama umruhusu mdogo wako aache kazi ya duka la dawa kwa sababu kapita usaili wa tamthilia ya kwenye king'amuzi. Wadau hapo juu wameshagawanyika: nusu wanasema mwache afuate ndoto yake, nusu wanasema jiandaeni kumchangia matibabu uzeeni. Mimi nimekaa kwenye seti za tamthilia hapa Dar kwa miaka, upande wa kontinuiti. Ndiye yule mtu wa daftari anayekaa karibu na kamera, anaangalia kama kikombe kilikuwa mkono wa kushoto au wa kulia. Sura yangu huijui na hutaijua. Ila ukikaa kwenye kile kiti unaona nani kaja, nani katolewa na nani kasaini nini.

Nianze na hesabu, maana hapo ndipo wengi wanapotea. Mtu akionekana kwenye TV Jumatatu hadi Ijumaa watu wanadhani analipwa Jumatatu hadi Ijumaa. Sivyo. Sisi tunarekodi kwa kufuata nyumba, hatufuati hadithi. Prodyuza kakodi jumba Goba au Kigamboni kwa siku chache, kwa hiyo sini zote (vipande vya tukio) za ile sebule zinapigwa mfululizo, hata kama ni za episodi kumi tofauti. Asubuhi mama analia msiba wa mumewe, saa saba mchana anagombana na mume huyohuyo kwenye kochi lilelile, jioni ndiyo wanachumbiana. Nguo anabadilisha chooni, na nyingi ni zake mwenyewe kutoka nyumbani. Utaambiwa tu usije na nyeupe wala mistari myembamba, kamera haipendi. Ikiadhiniwa tunasimama. Ikipita bajaji mbovu tunasimama. Jogoo wa jirani yeye hana ratiba.

Siku mbili tatu za namna hiyo zinatosha kumweka mtu hewani wiki kadhaa. Kwa hiyo swali la kuuliza siyo "analipwa shilingi ngapi", ni "analipwa kwa kipimo gani". Wapo wanaolipwa kwa siku, wapo wa kwa sini, wapo wa kwa episodi. Kazi ileile ukiipima kwa vipimo hivyo vitatu inatoa hela tatu tofauti kabisa. Malipo kwa sini yanawavutia wageni kwa sababu wakizidisha wanaona namba nzuri. Hawajui kwamba jua likizama na sini nne hazijapigwa, mwandishi anaziunganisha ziwe moja, na hakuna wa kumlalamikia.

Lakini hata hayo si ndiyo makubwa. Nimeona waigizaji wengi wakikwama, na kilichowakwamisha mara nyingi si udogo wa malipo, ni kushikiliwa. "Wiki hii usiende mbali, tutakuita." Hiyo sentensi ndiyo inayokula maisha ya watu. Siku uliyoambiwa ukae tayari hailipwi, lakini huwezi kuiuza kwa mwingine. Kulikuwa na dada mmoja kwenye tamthilia niliyofanya, alicheza mke mdogo na alikuwa mzuri hasa, analia bila dawa ya macho. Alikuwa na saluni yake Tabata. Ijumaa moja akamkatalia bibi harusi, mteja wa muda mrefu, kwa sababu Jumamosi alipangiwa sini sita. Saa tano usiku ukaingia ujumbe kwenye grupu: "Kesho hakuna, mwenye nyumba karudi safari." Basi. Hakuna pole, hakuna nauli. Bibi harusi keshapata mtu mwingine na keshawahadithia wenzake. Saluni ile haikufa siku moja, ilikufa kwa Jumamosi za namna hiyo. Na kwenye mkataba kulikuwa na kipengele kwamba haruhusiwi kuonekana kwenye kazi ya stesheni nyingine mpaka tamthilia iishe. Itaisha lini? Haikuandikwa.

Ukileta maneno, unasafirishwa. Tulikuwa tunasema "fulani kakatiwa tiketi". Mwigizaji anadai nyongeza leo, wiki mbili baadaye mhusika wake anaaga anakwenda Afrika Kusini kwa mume, au gari linamgonga nje ya kamera na sisi tunasikia breki tu. Kwenye tamthilia ya kila siku hakuna mhusika asiyeweza kufa, na waandishi wanalijua hilo kuliko mtu yeyote.

Sasa njoo kwenye ustaa wenyewe. Huo una gharama, na bili inakuja kabla ya mshahara. Daladala huwezi tena, si kwa maringo, ni kwamba watu wanakurekodi ukiwa umebanwa mlangoni halafu kesho uko mtandaoni, "staa kafulia". Kwa hiyo unapanda bajaji au bodaboda kila siku kwa hela ileile ya zamani. Sokoni Kariakoo bei inapanda ukifika: "Dada wewe si uko kwenye TV?" Kadi za michango ya harusi zinakuja na kiwango kimeshaandikwa. Mwenye nyumba anakumbuka kodi haijaongezwa siku nyingi. Na kama umecheza mbaya ndiyo kabisa. Yule mke mdogo alikataliwa nyanya na mama mmoja pale Tabata, anaambiwa "nenda kamwombe msamaha mwenzio kwanza". Yeye alicheka, alisema hiyo ndiyo tuzo yake. Nyanya lakini hakupewa.

Halafu kuna jambo la jina. Wa umri wangu mnakumbuka enzi za kundi la maigizo la Kaole Sanaa Group na tamthilia ya Mambo Hayo kule ITV, mtaa mzima mnajazana kwa jirani mwenye TV. Niambie majina halisi ya wale watu. Wengi tunajua Bishanga, Muhogo Mchungu, Bi Mwenda, Dr. Cheni. Mzee Jengua alipofariki Desemba 2020, wangapi walikuwa wanajua anaitwa Mohamed Fungafunga? Jirani zetu Kenya nao walimzika Papa Shirandula Julai 2020, na wengi ndipo walipoanza kuzoea jina la Charles Bukeko. Mhusika akishika kiasi hicho, mwigizaji anapata heshima mtaani lakini kazi mpya inakuwa shida. Nimekaa kwenye usaili nikamsikia dairekta anasema, baada ya mtu kuigiza vizuri kuliko wote, "Huyu akitokea tu watu watasema ni yule bwana wa kule." Akaitwa mwingine.

Waliotoka Kaole wakafika mbali walifanya nini? Kanumba, Ray na Johari hawakusubiri kuitwa. Ray na Johari walianzisha RJ Company, Kanumba akawa na Kanumba The Great Film. Wakaanza kuuza filamu zao badala ya siku zao. Kanumba alipofariki Aprili 2012 akiwa na miaka 28, Dar ilisimama, lakini tukumbuke kwamba umaarufu ule wa mwisho ulikuwa wa mtu anayemiliki kazi zake, hakuwa tena kijana wa kuigiza kwa kuitwa. Soko la DVD liliposhuka, ving'amuzi vikaingia na chaneli za Kiswahili zinazohitaji tamthilia ndefu, za aina ya Huba na Jua Kali, na mastaa wengi wa Bongo Movie wakahamia huko. Kazi zimeongezeka, huo ni ukweli na nisiwe mkosoaji tu. Kuna watu wanasomesha watoto kwa tamthilia. Ila umiliki umerudi kwa mwenye chaneli na mwenye kampuni.

Mdau mmoja juu kauliza mbona Marekani mtu akicheza tamthilia moja anakula maisha yote. Hawali wote, na wanaokula hawakupewa bure. Chama chao cha waigizaji kiligoma mwaka 1960 ndipo wakapata malipo ya marudio filamu zao zikirushwa kwenye televisheni, pamoja na mfuko wa pensheni na bima ya afya. Mwaka 2023 wakagoma tena, kuanzia 14 Julai hadi 9 Novemba, safari hii kwa sababu ya malipo ya kwenye mitandao ya kutazamia filamu na kompyuta kuigiza sura zao. Huku kwetu mkataba wa kawaida niliouona una mstari mmoja unaosema haki zote, kwa njia zote, kwa muda wote, ni za mtayarishaji. Tamthilia irudiwe mara saba, ikatwe vipande iwekwe YouTube, wewe ulishalipwa siku ile ya kochi.

Ndiyo maana mnaona michango. Si kwamba wote walitapanya. Mwaka 2021 Omosh, mwigizaji wa Tahidi High ya Kenya, alipojitokeza kusema hali yake, Wakenya walichanga. Watu mtandaoni walimsema sana pombe, wachache waliuliza kile kipindi kilichochezwa miaka yote ile kilimwachia nini. Hapa kwetu mwaka 2018 mzee wetu King Majuto akiwa mgonjwa, suala la mikataba yake ya matangazo lilifika hadi kwa waziri wa wakati ule, Dk. Mwakyembe, ikaundwa kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Mzee alifariki Agosti mwaka huohuo, Muhimbili. Mtu aliyechekesha nchi nzima kwa miongo.

Kuhusu mdogo wako sasa. Mimi sisemi asiende. Kama kapita usaili wa kweli, ana kitu, maana wanaojitokeza ni wengi mno. Hakikisha tu ulikuwa usaili wa kweli: ulifanyika mchana, palikuwa na kamera, palikuwa na watu zaidi ya mmoja mezani, na hakuna aliyemwomba hela ya fomu. Kama kuna mtu kamwambia waonane wao wawili jioni "kumalizia", hiyo ni rushwa ya ngono, ni kosa kwa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, na aondoke hapo bila kuaga. Usiamini wanaokwambia ndiyo utaratibu wa fani. Nimefanya kazi na madairekta ambao hawana mambo hayo kabisa.

Akipewa mkataba asisaini palepale kwenye meza ya mekapu. Watamharakisha, watasema gari linasubiri. Aseme anaupeleka nyumbani kwa kaka yake, kampuni ya maana haitakasirika. Mkifika nyumbani msianze kubishania kiwango cha pesa. Kiwango cha mgeni hakisogei sana, na wakikiongeza kidogo watakata kwingine. Bishaneni kwenye siku. Aandikiwe kwamba ratiba inatoka angalau siku mbili kabla. Aandikiwe kwamba siku iliyofutwa usiku wa kuamkia inalipwa, hata nusu. Kile kipengele cha kutofanya kazi kwingine kiwe na tarehe ya kuisha, au kihusu tamthilia nyingine tu, kisiguse matangazo, ushereheshaji wala kuingiza sauti. Hiyo ya kuingiza sauti msiidharau. Tangu TBC irushe ile tamthilia ya Kichina ya Doudou kwa Kiswahili mwaka 2011, kazi hiyo imekua. StarTimes wamepeleka Watanzania hadi Beijing kwa ajili hiyo, Azam nao wana za Kituruki. Pale sura haitakiwi, kwa hiyo hata akishagandishwa na mhusika mmoja, sauti yake bado inauzika. Kama anaongea vizuri na anasoma haraka, ajaribu.

Na auelewe muda wa malipo. Kuna kampuni zinalipa kwa wakati, kuna zinazolipa chaneli ikishawalipa wao, miezi inapita. Asiulize ofisini, watamjibu vizuri. Awaulize watu wa taa na wa gari la seti, wale ndio wanajua nani anadai tangu lini. Awaamkie kwanza, watamwambia kila kitu.

Kazi ya duka la dawa asiache. Azungumze na bosi wake ahamie zamu ya jioni na wikiendi kwa miezi ya mwanzo. Kama duka ni la mtu binafsi bosi anaweza hata kufurahi, wateja watakuja kumwona. Huyo mke mdogo niliyemtaja sasa hivi anauza mafuta ya nywele yenye sura yake kwenye kopo, na akiitwa kwenye tamthilia anauliza tarehe kwanza, anafungua daftari la oda, ndipo anajibu. Mara mbili nimesikia prodyuza akibadilisha siku kwa ajili yake.

Ukiupata huo mkataba, ficha majina na kiasi, weka hapa kile kipengele cha muda na cha haki. Kuna wanasheria humu, mimi nitakwambia upande wa seti unavyokuwa.