Mazda MX-5 ya 1992 inamisi (silinda haiwaki sawasawa): anza na moto wa plagi, si mafuta

Pole ndugu. Gari linatetemeka kwenye sailensa (injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta) na kukata ukikanyaga mafuta mlimani, na fundi anataka ununue pampu ya mafuta? Usitoe hela kabla hujapima moto. Kwenye MX-5 za mwanzo, waya za plagi ndizo huchoka mapema kuliko vingi.

Injini ikiwa inanguruma, chomoa soketi ya injekta (kinachopulizia mafuta kwenye silinda) moja moja. Ile ambayo ukiichomoa mngurumo haubadiliki, silinda yake ndiyo mgonjwa. Koili, zinazozalisha moto wa plagi, ziko mbili, nyuma ya injini: moja ni ya silinda 1 na 4, nyingine ya 2 na 3. Zikilala 1 na 4 pamoja, shuku koili. Ikilala moja tu, anza na waya na plagi yake.

Sasa zima injini, ng'oa waya wa plagi ya silinda hiyo, mulika ndani ya shimo la plagi. Ukikuta oili imetuama, gasketi ya kava ya valvu imekwisha, na hiyo oili huozesha mpira wa waya mpaka moto unavujia pembeni. Badilisha gasketi na waya kwa pamoja, tafadhali. Waya mpya kwenye shimo lenye oili ni hasara. Moto ukiwa mzima kote, pima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda.