Nyumba tupu ya jirani, Cleveland, Ohio, Marekani

Pole, ndugu. Jirani kahama, benki imefungua kesi ya rehani, kuichukua nyumba kwa deni, kisha kimya, na sasa nyasi ziko kiunoni na wezi wameng'oa mabomba ya shaba. Kwanza tazama rekodi za kaunti, hati ina jina la nani. Mpaka nyumba ipigwe mnada, mwenyewe kwa kawaida bado ni yule aliyehama, na huenda hata hajui. Kisha lalamika idara ya majengo ya jiji, na picha zenye tarehe. Mtaani kwetu nilipiga simu peke yangu miezi mitatu, bure. Tulipolalamika majirani sita, mkaguzi akaja. Ipo pia benki ya ardhi ya kaunti, si benki ya fedha, tangu 2009, hupokea nyumba kama hizi. Usiingie ndani hata kufunga maji, unaweza kushtakiwa. Maji yakifika kwenye msingi wa nyumba yako, muone wakili.