Siku mbili Fermanagh na watoto

Dada, umeuliza mkitoka Dublin mtazame nini kwenye maziwa ya Fermanagh kwa siku mbili na watoto. Kwanza viza! Huko ni Ireland Kaskazini, chini ya Uingereza, si Jamhuri ya Ireland kama Dublin. Mpakani hamna kizuizi, lakini mwenye pasi ya Kenya anahitaji viza ya Uingereza.

Siku ya kwanza nendeni mapango ya Marble Arch. Ndani ni baridi mwaka mzima, bebeni masweta. Mvua ikizidi maji hujaa na ziara husitishwa, basi pigeni simu kabla. Kesho yake, kisiwa cha Devenish katika ziwa la Lough Erne: magofu ya makao ya watawa na mnara mrefu wa mviringo. Njia ya mbao ya kupanda mlima Cuilcagh waachieni wakubwa. Ngazi zile, mh!