Barua kwa mwanangu: siku zako zimo kwenye kisima

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeusoma juzi nikiwa kibarazani hapa Makorora, nikaurudia usiku kabla ya kulala. Umesema wamekukabidhi mradi wa maji huko Handeni: kisima kirefu kimoja, matangi mawili ya zege na vituo vya kuchotea maji, na muda uliopewa ni miezi sita. Umesomea uhasibu, mafundi hujawahi kuwasimamia. Ukaniuliza kama ulipie ile kozi ya mtandaoni ya usimamizi wa miradi au ujifunze humohumo kazini. Ukamalizia na swali ambalo ndilo lililonikosesha usingizi: "Mama, nitajuaje kazi inachelewa kabla haijachelewa?"

Naanza na hilo la mwisho, maana la kozi jibu lake ni fupi.

Unayakumbuka yale madarasa mawili niliyoyasimamia njia ya Pangani? Ulikuwa darasa la tano, likizo ukija nami saiti unachezea mchanga. Msingi ulitoka vizuri, jamvi likamwagwa, kuta zikapanda, lenta, ule mkanda wa zege juu ya kuta, ikafungwa. Kila asubuhi nikifika nilikuwa na swali moja: "Jamani, mmefikia wapi?" Fundi mkuu akinijibu, "Tunakwenda vizuri mama, bado kidogo." Wala hakunidanganya, kuta zilikuwa zinapanda kweli. Mbao za kenchi, za kubeba paa, niliziagiza siku lenta ilipofungwa, nikijua ni kupiga simu tu Lushoto na lori linashuka. Kumbe zilikuwa hazijapasuliwa, bado zipigwe dawa, bado zikauke. Wiki nne. Wiki ya pili masika ikaingia. Nilisimama chini ya mwembe nikiyatazama maji yakimiminika ndani ya darasa lisilo na paa, yakila udongo pembeni mwa msingi, na mafundi kumi na mmoja wamejikunyata chini ya turubai. Zege halikuchelewa hata siku moja, ukuta haukuchelewa, na mradi ukachelewa zaidi ya mwezi. Kosa lilikuwa langu. Niliuliza habari za kuta, wakati siku zangu zinaliwa na mbao.

Tangu hapo swali langu la asubuhi likabadilika: "Kimebaki nini, na mnasubiri nini?" Hili ulishike mwanangu. Fundi anayefanya kazi utamwona kwa macho, lakini kinachosubiriwa hakionekani saiti. Kiko ofisini kwa mtu, au njiani, au hakijaagizwa kabisa.

Sasa tuutazame mradi wako. Chukua daftari kubwa la kaunta, piga mistari upate safu nne: kazi, siku zake, inasubiri nini, nani anayeishika. Usiandike "kisima" ukadhani umeandika kazi. Humo ndani mna kupima maji ya ardhini, kibali cha bodi ya maji ya bonde, mtambo kufika, kuchimba, kushusha mabomba na changarawe, kusafisha kisima, kupima wingi wa maji, kupeleka sampuli maabara, kuagiza pampu, kuifunga, kuijaribu. Kipande kiwe kidogo kiasi kwamba ukimuuliza mtu kama kimekwisha, anajibu ndiyo au bado. Ukianza kuambiwa asilimia tisini, jua kipande hicho ni kikubwa mno. Nimewahi kuambiwa asilimia tisini wiki tatu mfululizo juu ya ukuta uleule.

Safu ya tatu ndiyo roho ya daftari, usiijaze kwa haraka. Tazama pampu. Huwezi kuiagiza leo, kwa sababu ukubwa wake unategemea kina cha kisima na maji kinayotoa kwa saa. Kwa hiyo pampu inasubiri vipimo, vipimo vinasubiri uchimbaji, uchimbaji unasubiri kibali, kibali kinasubiri ripoti ya wapimaji. Hakuna hata kimoja unachoweza kukiruka. Tuseme utafiti na kibali ni wiki 5, mtambo kufika na kuchimba wiki 3, vipimo na maabara wiki 2, pampu kuagizwa mpaka ifike wiki 8, kuifunga na kuijaribu wiki 2. Zijumlishe: wiki 20. Miezi yako sita ni wiki 26. Basi akiba yako yote ni wiki 6, na kila siku kibali kinapokaa mezani kwa mtu inakatwa humo, bandu bandu, hata kama saiti nzima inavuma kwa kazi.

Mnyororo huo ulio mrefu kuliko yote ndio unaopanga siku ya mwisho ya mradi. Elimu hii si yangu. Mwaka 1957 kampuni ya DuPont ya Marekani ilikuwa inahangaika na muda wa ujenzi na matengenezo ya viwanda vyake, ndipo ikatengenezwa hesabu ya kuufuata mnyororo huo. Ile chati ya milia uliyoonyeshwa ofisini, ya Mmarekani Henry Gantt, ambayo kila kazi ina mstari wake wa siku, ni ya zamani kuliko hapo, na ni nzuri ya kubandika ukutani. Ila milia ikichorwa peke yake haikwambii nani anamsubiri nani. Ukiichora, unganisha milia kwa mishale.

Matangi nayo tuyape wiki 8. Wakubwa watataka yaanze mara moja, maana tangi linaonekana, mgeni akija anapiga picha. Wakatalie kwa adabu. Kisima kikitoka kikavu, tangi hilo litawekwa nini? Subiri mchimbaji ayafikie maji, mwisho wa wiki ya 8, ndipo uanze. Utamaliza wiki ya 16, na pampu inafungwa kuanzia wiki ya 18 ikiisha. Hapo una wiki mbili za kuvuta pumzi, kwa hiyo saruji ikikosekana siku tatu usigombane na mtu. Lakini usikubali kuzirudisha siku hizo kwa kulikimbiza zege. Nguvu ya zege huhesabiwa kwa siku 28, na siku saba za mwanzo ni za kumwagilia kila siku, asubuhi na jioni, magunia juu yake. Tangi lililonyimwa maji mwanzoni litakuja kuvuja.

Kuhusu siku za kila kazi, waulize wanaoifanya, na usimuulize mtu namba moja. Muulize mchimbaji: mambo yakinyooka, siku ngapi? Kwa kawaida? Na mtambo ukikuharibikia? Akikwambia 4, 7 na 22, zidisha ile ya kawaida mara nne, jumlisha na zile namba mbili nyingine, gawanya kwa sita. Unapata 9, wala si ile 7 ambayo angekutajia mwanzo. Jeshi la majini la Marekani lilikuwa linapiga hesabu hiyo mwaka 1958 kwenye makombora yake ya Polaris, na kwa kisima cha Handeni inafaa vilevile.

Upande wa fedha wewe ndiye mwalimu wangu, ila kuna jambo moja wahasibu hulikosa. Tuchukue kazi ya milioni 40. Mpango ulisema leo iwe imefanyika nusu, yaani ya milioni 20. Zimetumika milioni 22. Mhasibu ataandika kwamba tumezidisha 2. Sasa nenda saiti ukakague vipande vilivyokwisha, ukute thamani yake kwenye bajeti ni milioni 16. Maana yake mko nyuma kwa kazi ya milioni 4, na mmetumia milioni 6 zaidi ya kazi mliyoipata. Mkiendelea kwa mwendo huohuo wa kutoa 22 kupata ya 16, kazi ya 40 itawagharimu 55. Hesabu hiyo ifanye kila Ijumaa, na ukiona inapinda mwambie mkubwa wako Ijumaa hiyohiyo. Mimi ile habari ya mbao niliificha siku tisa nikitumaini lori litatokea, na siku hizo tisa tungeweza kutafuta mbao kwingine.

Kozi soma, mwanangu. Itakupa majina ya haya yote, na ukikaa na wahandisi mtaelewana. Usianze na PMP, cheti cha wasimamizi wa miradi cha taasisi ya PMI ya Marekani, kile kinataka mwenye shahada awe ameongoza miradi kwa miaka mitatu. Wana kingine kinachoitwa CAPM, kisichodai uzoefu. Lakini soma daftari lako likiwa wazi pembeni, kila somo ulipeleke kwenye kisima chako usiku huohuo.

Baba yako anakusalimu, na bibi anauliza kama huko unapata samaki. Ukija Idi njoo na daftari, tutakaa hapa kibarazani tulipitie ukurasa kwa ukurasa. Kwa leo nijibu moja tu: ombi la kibali limepelekwa tarehe ngapi, na liko mezani kwa nani?

Mama yako