Nyuso nyeusi, sauti ya upepo

SWALI: Likizo hii ya Juni wanangu na wenzao wa mtaani wanatengeneza filamu ufukweni kwa simu yangu. Nyuso zinatoka nyeusi na maneno hayasikiki kwa upepo. Wanakosea wapi? – Mama wa watatu, Bagamoyo

JIBU: Mama, nyuso ni kosa la saa tu. Ufukwe wenu unatazama mashariki. Asubuhi jua liko upande wa bahari. Mtoto akiipa bahari mgongo, simu inapima mwanga wa nyuma yake na uso unabaki gizani. Waanze saa kumi alasiri, jua likiwa limehamia upande wa mji. Wakilazimika asubuhi, waguse uso wa mwigizaji kwenye kioo cha simu kabla ya kurekodi.

Upepo ndio mgumu, maana msimu huu ni wa kusi. Azima simu ya pili, washa kinasa sauti, ivalishe soksi nene, itiwe mfuko wa shati wa msemaji. Kila kipande kianze kwa kofi moja mbele ya kamera: wakati wa kuhariri, mlio wa kofi ulionaswa na simu ya pili unapangwa pale viganja vinapokutana kwenye picha. Wakisahau kofi, watahangaika kutwa midomo ifuatane na maneno.

Simu ya kamera ishikwe kwa ulalo, iwe katika hali ya ndegeni, maana ikiita rekodi inaweza kukatika. Vipande vya sekunde 5 hadi 10 vinatosha. Wakitaka magofu ya Kaole (watoto huyapenda!), ombeni ruhusa kwanza, kuna kiingilio.