Gesi imetushinda, maji tuyafanyeje?

SWALI: Mhariri, asalaam alaykum. Wageni wamepungua Shela, mume wangu kasimamishwa kazi hotelini. Gesi hatuiwezi, tumerudi kwenye makaa. Maji ya kisima nimeacha kuyachemsha, maana makaa nayo ni pesa. Sasa mtoto wa miaka 2 anaharisha tangu juzi. – Mama wa watoto 4, Langoni, Lamu

JAWABU: Wa alaykum salaam, mama. Kuacha kuchemsha si kosa. Kosa ni kuyanywa hivihivi. Jerikani ya lita 20, hata kwenye jiko lenye udongo ndani, hula karibu kilo nzima ya makaa, na kilo hiyo hutokana na kilo 5 hadi 10 za kuni. Kazi zikikatika mji mzima hurudi kwenye makaa, na mzigo huishia kwenye mikoko, wanakokulia kaa na kamba ambao ndio riziki iliyobaki.

Tumia klorini. Dawa ya kutibu maji ina kipimo kwenye chupa. Ukiwa na ile ya kung'arishia nguo tu, soma kibandiko: isiwe na manukato wala sabuni, na nguvu yake iwe kama asilimia 3.5. Pima kwa sirinji mililita 1 kwa lita 20 za maji maangavu. Yakiwa na ukungu, yachuje kwa kitambaa kizito kisha tia mililita 2. Koroga, funika, ngoja dakika 30. Harufu hafifu ya klorini ibaki. Isipobaki, rudia kipimo mara moja na ungoje tena. Chupa iliyokaa juani dukani huwa imekufa nguvu. Chumvi ya kisima haitoki kwa klorini, wala kwa kuchemsha.

Pesa ya dawa ikikosekana, jaza maji maangavu kwenye chupa ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita 2, uilaze darini juani kwa muda wa saa 6. Mawingu yakitanda, siku 2.

Mtoto mpeleke zahanati apewe ORS (chumvi na sukari ya kuchanganya na maji), na zinki miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14, hata akiacha kuharisha. Njiani mpe lita 1 ya maji yaliyotibiwa yenye vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Hapa Lamu ndipo wengi wanapoteleza: maji ya kisima cha chumvi tayari yana chumvi yake, na ikizidi humdhuru mtoto. Tafuta ya mvua. Macho yakibonyea, akilegea au akishindwa kunywa, usingoje kesho.

Jiko likae kiwandani, yaani uani, si chumba cha ndani cha nyumba ya mawe. Makaa yaliyokwisha kutoa moshi bado hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu.

SWALI: Nitie klorini kwenye birika la chooni (tangi la maji) pia? Mna samaki. – Mkomani

JAWABU: Hapana, utawaua, na hao ndio wanaokula viluwiluwi wa mbu. Tia kwenye jerikani ya kunywa tu.